Ninunue karavani hii mbovu, au nimwachie mwenyewe?

Mzee anayeuza karavani hii, chumba cha kulala safarini chenye magurudumu kinachovutwa na gari, amenipa mpaka mwisho wa mwezi nimpe jibu. Yeye hana haraka, ila yuko mteja mwingine anayeiulizia, na huyo anataka kung'oa chumba chote akitupe, abaki na chasi ya kutengenezea trela la mizigo. Kwa hiyo nikisema hapana, karavani hii haiendi kwa mtu mwingine wa kuilala. Inaishia hapo. Jambo hilo linanivuta moyo, lakini huruma peke yake haitoshi kumfanya mtu anunue kitu kitakachokimbia barabarani nyuma ya gari lake, ndiyo maana sijatoa hata kishika uchumba mpaka nimalize kuipima.

Ushauri niliopewa mpaka sasa ni wa aina mbili. Kuna wanaosema, "Chukua, utaitengeneza mdogo mdogo." Na kuna wanaosema, "Achana nayo, itakula pesa mpaka uichukie." Hakuna hata mmoja kati yao aliyeiona. Mimi nimeinama kila kona yake, na ninachoweza kusema ni kwamba umri wake haunitishi, wala wingi wa vitu vilivyoharibika haunitishi. Kinachoamua ni maji yamefika wapi. Ukishalijua hilo, mengine yanapangika.

Ni ya ekseli moja, chumba chake kina urefu wa kama mita nne na nusu, na ilitengenezwa mwishoni mwa miaka ya 1970. Nje ni bati la alumini lenye mikunjo. Nyuma ya bati kuna fremu ya mbao nyembamba, katikati ya mbao kumejazwa pamba ya kuzuia joto na baridi, kisha plaiwudi ya milimita 3, ambayo ndiyo ukuta unaouona ukiwa umekaa ndani. Mbele kuna dirisha kubwa, viti viwili vinavyotazamana na meza inayoshushwa ikawa kitanda. Katikati kuna sinki, jiko la gesi la pleti tatu na friji ndogo. Nyuma kuna kitanda cha kudumu. Imesimama miaka mingi chini ya mti, na majani yaliyooza yameziba mfereji wa paa pande zote.

Kitanda hicho cha nyuma ndicho kilichonileta. Mama yangu anapenda safari kuliko mtu yeyote ninayemjua, lakini magoti hayamruhusu tena kulala kwenye hema. Kumwinua kutoka chini asubuhi ni kazi ya watu wawili, na yeye hapendi kushikwashikwa. Nilikipima kitanda kutoka sakafuni: sentimita 48 pamoja na godoro. Anaweza kukaa, akageuka, akapandisha miguu na kulala bila kumuomba mtu. Karavani nyingi ndogo nilizoziona zina meza tu ya kugeuza kila jioni, na mtu akitaka kujilaza mchana ni mpaka nyumba nzima ipanguliwe. Hii haina shida hiyo. Mlango ndio uko juu, karibu sentimita 40 kutoka ardhini, lakini ngazi ya vidato viwili yenye kishikio ni kitu cha kutengenezwa.

Sasa maji.

Mzee hakunificha. Nilipofika tu alisema, "Mama, hapo mbele panavuja, usije ukasema sikukwambia." Nilimshukuru kwa dhati, kwa sababu wengine hupaka rangi juu ya doa na kutundika manukato mlangoni. Ukikuta rangi mpya kwenye kona moja tu ya karavani kuukuu, iogope kuliko doa la kahawia lililoachwa wazi.

Maji hayaingilii pale unapoyaona. Yanaingilia kwenye maungio: paa linapokutana na ukuta, kuzunguka kidirisha cha hewa cha juu, kwenye taa ndogo za pembeni, chini ya mikanda ya alumini inayofunika kona. Chini ya mikanda hiyo kiwandani huwekwa lakiri laini ya kuziba. Miaka ikipita inakauka, inapasuka, na kila tundu la skrubu linakuwa mlango. Maji yakishaingia hushuka ndani ya ukuta, hupita kwenye pamba, hutua kwenye mbao ya chini kabisa, ile iliyokaa kati ya ukuta na sakafu. Huko hakuna upepo, na ndiko kuoza kunakoanzia. Doa unaloliona usawa wa macho limechelewa; tatizo liko usawa wa kifundo cha mguu.

Kwa hiyo nilianzia chini. Niliondoa mito ya viti vya mbele, nikafungua masanduku yaliyo chini yake, nikalala kifudifudi na tochi. Plaiwudi ilikuwa imeachana na mbao na kujikunja kwa ndani. Nikachukua bisibisi nyembamba nikaibonyeza kwenye mbao ya kona ya kulia. Mbao nzima hukataa: ncha huingia milimita moja au mbili, na ukitaka kuitoa inang'ang'ania. Hii ilimeza bisibisi mpaka kwenye mpini bila hata sauti. Ilipotoka ilikuwa imebeba unga mweusi, wenye unyevu, unaonuka kama uyoga. Nikasogea sentimita kumi kuelekea nyuma nikabonyeza tena, ikaingia nusu. Nikasogea tena, ikaingia kidogo na kukwama. Nikasogea tena, ikagonga mbao kavu. Kutoka hapo kwenda nyuma, upande wote wa kulia, kila nilipobonyeza palikataa.

Mdogo wangu aliniazimia kipima unyevu, kile chenye sindano mbili unazozichomeka kwenye mbao kikakusomea asilimia. Chini ya 15 ni mbao ya kawaida. Kati ya 15 na 20 ni ya kufuatilia. Ikipita 20, maji yanaingia, au yaliingia na hayajapata njia ya kutoka, na inapokaribia 30 kuvu wanaoozesha mbao wana kila wanachohitaji. Tahadhari moja: sindano zikigusa skrubu au karatasi ya bati iliyo nyuma ya plaiwudi, kipimo kinapanda bila sababu, hivyo kila namba ya kushangaza nilikuwa naisogeza pembeni kidogo na kuipima upya. Na nilikwenda kupima mara tu baada ya mvua kubwa, kwa makusudi. Karavani inayovuja ukiipima baada ya kiangazi kirefu inaweza kukuonyesha namba za kupendeza.

Mimi ni fundi cherehani, karatasi kubwa za kuchorea ruwaza hazikosi nyumbani. Nilichora kuta zote nne, paa na sakafu, nikagawa miraba ya sentimita 30, na kila mraba nikaandika namba yake. Kona ya mbele kulia ilisoma 34 na 31. Chini ya dirisha kubwa, 27. Kona ya mbele kushoto, 22. Ukivuka dirisha la kwanza la pembeni namba zinashuka mpaka 16, halafu 13. Kutoka hapo hadi nyuma ni 11 na 12, pande zote mbili. Juu, kuzunguka kidirisha cha hewa, nilipata 24, na kiganja kimoja kutoka hapo ikawa 14. Sakafuni niliipita miguu mitupu kwa visigino: pananesa kona ile ile ya kulia na kidogo tu mbele ya mlango.

Karatasi hiyo ndiyo iliyonizuia nisiondoke. Maji yamekula ukuta wa mbele, kipande cha sakafu na duara dogo la dari. Nyuma, ambako Mama atalala, ni kukavu.

Ingekuwa imejengwa kwa namna nyingine ningeamua tofauti. Ziko karavani zenye kuta laini zisizo na mikunjo, ambapo ganda jembamba la faiba limegundishwa juu ya plaiwudi, na plaiwudi juu ya povu gumu. Zinapendeza sana zikiwa mpya. Gundi ikishashindwa na maji, ukuta unavimba malengelenge, na ukiuweka kiganja na kusukuma unauhisi ukirudi nyuma na mbele. Huwezi kung'oa kipande kimoja tu, kwa sababu ukuta wote ni kitu kimoja. Ziko za alumini iliyopigwa riveti, kama Airstream, ambazo zilianza miaka ya 1930 na kwa mbali zinaonekana haziwezi kufa. Nazo huoza sakafu ya nyuma, chumba kikaachana na chasi. Namna ya kuzijaribu ni mtu mmoja kusimama juu ya bampa la nyuma na mwingine kutazama kama bampa linashuka huku chumba kikibaki palepale. Halafu ziko ndogo za faiba tupu, zilizotengenezwa kwa vipande viwili, cha juu na cha chini, vikaunganishwa kiunoni. Boler, iliyobuniwa na Ray Olecko na kuanza kutengenezwa Winnipeg, Kanada, mwaka 1968, ni ya aina hiyo. Paa halina maungio ya kona, kwa hiyo njia za maji ni chache mno. Ningeipata moja ningeacha kuandika haya yote, lakini wenye nazo wanajua walichonacho.

Yangu, niseme hii ya Mzee, ni ya mbao na bati, ya kawaida kabisa, na ukawaida huo ndio unaoniokoa. Imepigiliwa misumari, pini na skrubu. Unaondoa mkanda wa kona, unalegeza bati, unakata mbao iliyooza, unaweka nyingine ya kipimo kilekile, unarudisha bati. Ni kazi ndefu, lakini haina uchawi.

Mdogo wangu ni fundi wa kuchomelea, na nilimwomba aje kwa ajili ya chasi. Alitandika turubai, akaniambia, "Dada, mbao ni zako. Mimi niachie huku chini." Alikuwa na nyundo ndogo na brashi ya waya. Chuma kizima kikigongwa kinalia. Kilicholiwa na kutu kinatoa sauti nzito na kumwaga magamba. Kutu ya juujuu haimsumbui mtu, kila chasi ya umri huo inayo. Alitafuta sehemu maalumu: mikono miwili ya mbele inayokutana kwenye kiungo cha kuvutia, pale karavani inapofungwa kwenye gari, hasa pale inapopita chini ya ukuta wa mbele, vishikio vya springi, na vyuma vya kukatiza vilivyo chini ya sakafu iliyolowa. Alipata chuma kimoja cha kukatiza kimekonda, na kilikuwa pale pale nilipoweka namba 34 kwenye ruwaza yangu. Vingine vilikuwa vizima. "Hiki nakikata naweka kipya," akasema. "Ila mikono ya mbele ingekuwa na ufa, dada, ningekwambia tuwashe gari twende." Hapo nilipumua.

Springi zake ni za majani, yaani bapa za chuma zilizopangwa moja juu ya nyingine, zimefungwa kwa bolti, kila kitu kinafunguka. Karavani nyingine zina ekseli ya mpira: vijiti vya mpira vimebanwa ndani ya bomba la chuma na ndivyo vinavyobeba uzito. Mpira ukizeeka unakakamaa, na hakuna cha kutengeneza, unabadilisha ekseli nzima. Ukienda kutazama karavani, lala chini uone ni ipi kabla hujazungumza bei.

Matairi yalitaka kutudanganya. Kashata zake ni nzima, zina kina, mtu anaweza kusema yametumika mwezi mmoja. Ukisoma ubavuni kuna namba nne zilizofungiwa kwenye kiduara kirefu: 1409, maana yake wiki ya 14 ya mwaka 2009. Tairi la trela hufa kwa umri kabla halijaisha kwa mwendo, kwa sababu husimama juani na uzito uleule mahali palepale. Kwa kawaida hushauriwa kuyabadilisha baada ya miaka 5 hadi 7 hata kama yanaonekana mapya, na likipasuka kwenye mwendo huchana sakafu ya karavani kwa juu. Yote yanatoka, la akiba pamoja.

Tuliinua upande mmoja kwa jeki, tukashika gurudumu juu na chini na kulitikisa, kisha tukalizungusha na kusikiliza. La kushoto lilizunguka kimya. La kulia lilikoroma. Beringi mpya na grisi mpya pande zote, hilo halina mjadala na gharama yake si kubwa. Breki ni za umeme: ndani ya ngoma ya gurudumu kuna sumaku inayopata umeme ukikanyaga breki ya gari, inaing'ang'ania ngoma inayozunguka, inaburutwa nayo na kusukuma mkono unaobana breki. Nyaya za sumaku hizo zimekatika. Na ile pini ya dharura, inayochomolewa na kamba karavani ikitoka kwenye gari ili betri yake yenyewe ifunge breki, haipo kabisa. Kwa hali hiyo haivutwi barabarani hata kilomita moja. Nikiinunua itapakiwa juu ya lori, na gharama ya lori nimeiingiza kwenye hesabu ya kununua, sikuiweka kwenye matengenezo.

Jambo ambalo watu hawaliulizi mapema ni uzito. Kibao kilichopigwa karibu na mlango kinasema kilo 980 ikiwa tupu na kilo 1,250 ikiwa imejaa. Gari langu linaruhusiwa kuvuta 1,500 kwa trela lenye breki, kwa hiyo liko ndani ya mpaka, mradi breki hizo zifanye kazi kweli. Lakini ukitoa 980 kwenye 1,250 unabaki na kilo 270 za kila kitu: tangi la maji la lita 70 ni kilo 70 likijaa, betri kama 20, mtungi wa gesi, vyombo, matandiko, nguo, na chochote utakachoongeza ukitengeneza. Hapo ndipo fundi mwenye nia njema anapoharibu. Ukisema "niweke plaiwudi nene kidogo iwe imara," ukabadilisha sakafu ya mita za mraba 9 kutoka milimita 12 kwenda 15, umeongeza kama kilo 16. Ukiweka ya milimita 6 badala ya 3 kwenye mita za mraba 20 za kuta, umeongeza nyingine kama 36. Hujanunua hata sufuria. Nimeamua kila ubao unaoingia uwe na unene wa ule uliotoka.

Na uzito lazima ukae mahali pake. Ukielemea nyuma, karavani huanza kuyumba kulia na kushoto, na kuyumba huko kukianza kwenye mwendo kunaweza kulibeba gari lenyewe. Marekani wanapendekeza asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote ikae kwenye kiungo cha kuvutia. Ulaya ni kidogo zaidi, kama 5 hadi 7. Kiungo cha gari langu kinaruhusu kilo 100, ambazo ni asilimia 8 ya 1,250. Kwa hiyo tangi la maji halitajazwa njiani, na mizigo mizito itakaa juu ya ekseli, chini.

Kwenye gesi sina cha kujadili. Bomba zote, mipira yote, regyuleta, vyote vinatoka. Mpira wa gesi wenye umri wa karavani hii ukiukunja unaonyesha nyufa, na regyuleta nazo huchoka, miaka kumi ni umri mrefu kwao. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inashuka sakafuni na kujikusanya. Ndiyo maana karavani huwa na matundu ya chini ya kuitoa nje. Nilipoyatafuta niliyakuta yamefunikwa na zulia ambalo mtu alilitandika bila kujua kwa nini matundu yako pale. Zulia hilo nilimwomba Mzee aliondoe siku ileile, niinunue nisiinunue. Kufunga mfumo mpya na kuupima ni kazi ya fundi mwenye leseni. Mimi na mdogo wangu hatuigusi.

Friji nimeiaga. Ni ile isiyo na mota, inayofanya kazi kwa kuchemsha amonia na maji kwa moto mdogo wa gesi. Waswidi wawili, Baltzar von Platen na Carl Munters, waliibuni mwaka 1922 wakiwa bado wanafunzi, na mimi hustaajabu kila nikifikiria kwamba moto unatengeneza barafu. Lakini hutaka kusimama sawa; ikiwashwa karavani ikiwa imeinama kwa muda mrefu, mirija yake ya nyuma inaungua na kuziba. Nilipofungua kifuniko cha nje nikaona unga wa njano kwenye mirija, na harufu ya amonia ikanichoma pua. Huo ni mwisho wake, haitengenezeki kirahisi, na unga huo wa njano una sumu, usiushike kwa mkono mtupu. Tutatumia sanduku la barafu kwanza.

Umeme una mifumo miwili, wa volti 12 wa betri na ule mkubwa wa kuchomeka nje. Panya wametafuna nyaya nyuma ya kabati, na wameacha kiota ndani ya pamba ya ukuta. Siungi nyaya zilizotafunwa. Zinatoka zote ukuta ukiwa wazi, kwa sababu nafasi hiyo haitarudi ukishafungwa: betri, fyuzi karibu na betri, taa chache, pampu ya maji. Ule mkubwa atafunga fundi umeme.

Jambo moja la sakafu, kwa kuwa tutaikata: vigae vya plastiki vya miaka hiyo vinaweza kuwa na asibesto. Kabla ya msumeno kugusa, kipande kinapelekwa kupimwa. Vumbi hilo halina msamaha kwa mapafu.

Yaliyowafukuza wanunuzi wengine waliokuja kabla yangu ni mito yenye madoa, mapazia yaliyochanika na milango ya kabati iliyolegea. Mzee aliniambia wengi walichungulia tu mlangoni wakaondoka. Mimi nikiangalia mito ile naona mita za kitambaa na sponji ya kukata. Nimeshapima. Mito ya mbele nitaishona yenye zipu, vifuniko vifuliwe, na godoro la Mama nitalikata kufuata kona ya mviringo ya nyuma ili pasiwe na pengo la kuingiza mguu usiku. Kazi hiyo ingemgharimu mtu mwingine pesa nyingi. Kwangu ni gharama ya kitambaa. Ndivyo nilivyoipanga hesabu yangu yote: ninachokiweza mimi, anachokiweza mdogo wangu, na kile ambacho lazima nimlipe mtu. Safu ya tatu ina gesi, umeme mkubwa na lori. Ingekuwa ndefu kuliko zile mbili ningeacha.

Mahali pa kuifungulia pia nimepapata, banda la mdogo wangu, na tumepima kimo cha mlango wake. Karavani iliyotolewa bati haikai nje na mvua. Nimeona picha nyingi za karavani zilizoanzwa kwa shangwe na kuozea uani zikiwa zimefunguliwa nusu, na karibu zote zilikosa paa la kuzifunika. Kwenye maungio mtu wa zamani alipaka silikoni juu kwa juu. Itabidi kuikwangua yote mpaka chuma kiwe safi, maana hakuna kinachoshika juu ya silikoni, kisha kuweka utepe wa lakiri chini ya mikanda kama ilivyokuwa mwanzo. Kidirisha cha hewa cha juu kinabadilishwa kizima.

Karatasi za umiliki Mzee anazo, na namba iliyopigwa kwenye chasi tuliisugua kwa brashi ya waya mpaka ikasomeka. Zinalingana.

Kwa hiyo nimempelekea Mzee jibu lenye sehemu mbili. Bei anayoitaka ni ya karavani inayotembea, na hii haitembei. Nimemwomba ruhusa tufungue mkanda mmoja wa alumini, ule wa kona ya mbele kulia, tulegeze bati kiasi cha kuuona ukuta kwa ndani. Kama uozo umeishia pale karatasi yangu inaposema, kabla ya nguzo ya pili baada ya dirisha la kwanza, nitamlipa bei yake nikitoa matairi, breki na lori. Kama umeivuka nguzo hiyo, basi kipimo kilinidanganya, paa litakuwa limeguswa pia, na nitamlipa sawasawa na atakachotoa yule wa chasi, wala si zaidi. Akikataa, amuuzie.

Alifikiri kidogo, akasema, "Njooni na bisibisi zenu Jumamosi. Lakini mkanda mtaurudisha, mama." Nimemwahidi utarudishwa, na utepe mpya wa lakiri nitautoa mimi, ninunue au nisinunue.